Ukurasa wa Rejaf

Keji alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshika kisu na kitunguu, akaniambia mama yake amefariki. Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, alichokipata akisoma Nakuru, na hakulia. Nadhani alikuwa ameshalia kwenye simu nyingine kabla ya yangu. Nikavuta kigoda nikakaa. Ndipo akanieleza jambo la pili. Kaburi lilikuwa limechimbwa nusu huko Rejaf, kando ya kaburi la babu yake, na kazi ikasimamishwa. Alikuwa amejitokeza mtu na makaratasi, akidai kipande kile cha ardhi kilikuwa cha mjomba wake tangu zamani. Chifu wa sasa ni kijana, mambo ya zamani hayajui. Alisema akipata maandishi ya mtu aliyekuwepo siku shauri la ardhi ile lilipoamuliwa zamani, ataruhusu mazishi yaendelee. Chifu wa zamani alishakufa, na Wani, mjomba wa Keji, pia. "Umebaki wewe tu, Dada Saru," Keji akasema. "Andika ulichoona. Na uandike upesi, mama hawezi kungoja sana na joto hili."

Niliandika. Barua ilitosha ukurasa mmoja, kwa sababu chifu hana haja ya kujua tulikula nini wala nilijisikiaje. Lakini mtu hawezi kuukumbuka mwaka mzima halafu akakata kipande kimoja tu akaurudisha uliobaki kabatini. Haya ndiyo yaliyokataa kuingia kwenye barua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimetoka Voi na cheti cha utalii na majivuno mengi kuliko cheti chenyewe. Amani ilikuwa bado changa, na Wakenya tulikuwa tunamiminika Juba kufanya kazi kwenye benki, mashirika na mahoteli. Hoteli yangu ilikuwa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na haikuwa na ukuta wa mawe hata mmoja. Yalikuwa makontena ya chuma safu mbili, kila moja na kitanda, kiyoyozi kinachonguruma na kidirisha cha kutazamia kontena la pili. Mimi nilikaa mapokezi. Siku za kazi wageni walikuwa wanaishi vizuri tu, lakini ikifika Jumapili walikuja mmoja mmoja kuegemea meza yangu, wakiuliza mji huu una nini cha kuona. Meneja wetu, Bwana Kioko wa Machakos, alichoka nao. "Nimewaambia kuna mto mpaka naona haya," aliniambia. "Wewe si ulisomea utalii? Nitengenezee kijitabu. Kurasa nne. Uwaambie Juba ni mji wa kale wa mtoni, una hiki na hiki, hapa pazuri kwa hili, pale kwa lile. Watoke hapa Jumapili nipumzike." Nilipewa miezi miwili, pamoja na ruhusa ya nusu siku kila Jumamosi.

Nilipanga chumba Kator, nyuma ya kanisa kuu, kwenye ua wa mjane wa Kibari aliyeitwa Mama Keji. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Kiswahili alikiokota ukimbizini Uganda na hakuona sababu ya kukipamba. Jina langu alilijua vizuri, lakini kama majirani wote aliniita Kenya. Katikati ya ua, chini ya mwarobaini, palikuwa na jukwaa la saruji lililosuguliwa likang'aa, ambalo asubuhi alianika bamia na jioni tulinywea chai. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba lilikuwa kaburi la mumewe. Nilipoelewa niliruka na kikombe changu mkononi, nikasimama. Keji, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alicheka mpaka akalala chini. Mama yake hakucheka. "Kaa, Kenya," akasema. "Yeye hapana kataa mgeni." Nikakaa. Chakula kililetwa kwenye sinia moja, asida, ugali wao, katikati na mboga za njugu wanazoziita kombo pembeni, tukala sote kwa mikono, mikono yetu ikigongana. Nilidhani nimeshaelewa jinsi watu wale wanavyoishi na wafu wao. Kumbe nilikuwa nimeelewa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Aliyenizungusha mjini alikuwa Okello, Mganda wa Gulu mwenye bodaboda na maoni juu ya kila kitu. Tulianza na Konyo Konyo, sokoni, ambako aliniambia niandike kwamba samaki mkavu wa pale ananuka lakini hadanganyi. Tulikwenda Malakia kutazama maduka ya zamani ya wafanyabiashara Wagiriki, yenye milango mizito na baraza ndefu, wenyewe walishaondoka na mbuzi wakalala kwenye kivuli chao. Tulitazama mlima wa Jebel Kujur kwa mbali, maana Okello alisema ni wa wachawi, akakataa kukaribia. Nililiandika kanisa la Kator kwa upana wake wote, na kwaya ya Jumapili, na akina mama wanaouza karkade, kile kinywaji chekundu cha maua, nje ya lango. Kwenye daraja la Nile nilitoa kamera, naye akaigeuza pikipiki kabla sijaifungua. "Dada, hapana," akasema. "Mimi iko hapa miaka tatu. Mimi hapana piga picha ya daraja hata moja. Askari iko pale, yeye nakula kamera na mwenye kamera." Nikaandika kwenye daftari: daraja, litazamwe tu. Baada ya Jumamosi tano nilikuwa na kurasa tatu na moyo mzito. Kila nilichokiandika kilikuwa kweli, lakini hakuna hata kimoja ambacho kingemtoa mtu kitandani Jumapili.

Jioni moja Mama Keji aliniuliza kwa nini ninatafuna kalamu. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema kesho kutwa twende Rejaf, anakwenda kufyeka. Tulipanda lori la mchanga mimi, yeye, kaka yake Wani na Keji, tukashuka njia inapoachana na ile ya misheni ya zamani, tukatembea kati ya mashamba ya mtama. Kilima cha Rejaf kilikuwa mbele yetu, kimechongoka, na chini yake mto ulikuwa unapita kwa kasi, maji yake ya rangi ya udongo. Tulifika mahali penye miti mikubwa minne na nyasi zilizofika kiunoni. Hapakuwa na nyumba. Wani alipozifyeka nyasi yakatokea mawe yaliyopangwa kwa duara, halafu mengine, halafu lile la baba yao, lenye msalaba wa chuma. Mama Keji alipiga magoti akang'oa magugu kwa mkono, bila haraka, akiongea na baba yake kwa Kibari kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia Keji aoshe vyombo. Tulikula samaki wa kuchoma na asida baridi juu ya jani la mgomba. Upepo wa mtoni ulikuwa unatupiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Juba sikuhisi joto. Aliniambia walikuwa wanakaa pale kabla ya vita, nyumba tano, na kila kiangazi tangu warudi amekuja kusafisha. Kisha akaonyesha kwa kidole kipande cha ardhi kando ya baba yake. "Hapa mimi nalala," akasema. "Mume yangu alikufa mjini, wakati ya vita, njia ya Rejaf imefungwa, tukamuweka Kator. Mimi hapana Kator. Mimi hapa."

Lazima niseme kitu kuhusu kwetu Taita, maana bila hicho kosa langu litaonekana la kijinga tu, na lilikuwa zaidi ya ujinga. Kwetu, zamani, mafuvu ya wazee yalipangwa kwenye mapango ya mawe, na mpaka leo watalii hupanda kuyaona. Nilipokuwa mdogo tuliwaongoza wazungu mpaka pale, tukapewa peremende. Nilikua nikiamini kwamba wafu wa zamani ndicho kitu bora ambacho mahali panaweza kumwonyesha mgeni, na kwamba kuwaonyesha ni kuwaheshimu. Kwa hiyo nilirudi Kator, nikaketi kwenye jukwaa la saruji na daftari langu, nikauandika ukurasa wa nne kwa pumzi moja. Niliandika miti minne, upepo, mto unavyopinda chini ya kilima, makaburi ya mawe ya kale. Na nikaandika, kwa sababu nilitaka msomaji ahisi utulivu ule, kwamba hapo hakai mtu, ni mahali patupu, utakuwa peke yako na mto. Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti mara mbili. Sikumsomea Mama Keji, ingawa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akichambua maharage.

Bwana Kioko alifurahi mpaka akaninunulia soda. Kijitabu kilichapishwa, kikawekwa kwenye kila kontena, na Jumapili zikatulia. Mgeni aliyekipenda kuliko wote alikuwa wa kontena namba tisa, mkandarasi mwenye viatu visivyoshika vumbi, ambaye kazi yake sikuielewa vizuri na sikuuliza. Alikuja mapokezi na ukurasa wa nne umekunjwa. Aliuliza ni umbali gani, njia inaachana wapi, miti ipo upande gani wa misheni. Nikatoa kalamu nikamchorea ramani nyuma ya ukurasa uleule, mto, kilima, miti minne, na mshale. "Na una hakika hakuna mtu pale?" akaniuliza. Nikamwambia nilikuwa pale mwenyewe. Naona aibu mpaka leo kwa jinsi nilivyotabasamu.

Chumba changu na chumba cha Mama Keji vilitenganishwa na ukuta wa mikeka, na mimi nilikuwa nimezoea kusikia maisha yao bila kusikiliza. Siku moja niliporudi kutoka kazini saa kumi nikasikia Wani akiongea haraka kwa Kiarabu cha Juba, ambacho kufikia hapo nilikielewa cha kutosha. Alikuwa anatoka Rejaf. Alikuta vigingi vya chuma vyenye rangi nyekundu, kuanzia mtoni mpaka nyuma ya makaburi. Aliwauliza vibarua, wakasema bosi wao anajenga hoteli ya mtoni. Alimtafuta huyo bosi, akamwambia hii ardhi ina wenyewe. Bosi akamwonyesha karatasi ya kuchapwa, yenye ramani nyuma, inayosema mahali hapo hapana mtu. Chifu ameshaonyeshwa karatasi hiyo, ameita kikao Ijumaa. Kisha nikamsikia Mama Keji akiuliza jambo moja tu, kwa sauti yake ya chini. Nani ameandika?

Wani hakujua. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Sitajifanya shujaa; kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba jina langu halimo kwenye kijitabu. Cha pili ni kwamba ningeweza kuhamia Thongpiny kesho yake, kwenye kontena la wafanyakazi. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu wa kuaibisha. Keji aliniita kula, nikasema naumwa tumbo, akaniletea chai ya tangawizi mlangoni bila kuuliza. Chai ile ndiyo iliyonishinda.

Asubuhi nilimkuta Mama Keji akisugua jukwaa la mumewe kwa maji na sabuni. Nikamwambia ni mimi niliyeandika, na ni mimi niliyechora. Niliongea sana. Nikamweleza ya Taita, ya mapango, kwamba nilikusudia mazuri. Aliendelea kusugua mpaka akamaliza upande mzima. "Wewe umeona kaburi," akasema hatimaye. "Umekula chakula pale. Umeandika hapana mtu." Nikasema ndiyo. "Basi Ijumaa utakuja na sisi. Yale mkono yako imeandika, mdomo yako itasema mbele ya watu." Akamwaga maji, akaingia ndani.

Bwana Kioko hakupandisha sauti. Alisema mgeni wa namba tisa amelipia kontena mwaka mzima, na mfanyakazi wa hoteli hasimami kwenye kikao kumpinga mgeni wa hoteli. "Dadangu, ukienda, usisumbuke kurudi," akasema, na nadhani ilimuuma kidogo. Nilikwenda. Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, sote tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni, hata yule mkandarasi na viatu vyake. Chifu alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, ambaye alikisoma kijitabu changu chote, kuanzia Konyo Konyo, kabla ya kuuliza neno. Aliukunjua ukurasa wa nne akaniinulia.

"Hii kazi yako?"

"Yangu."

"Makaburi ulihesabu?"

"Sikuhesabu. Niliyaona yaliyofyekwa, yanafika tisa."

"Nani alifyeka?"

"Huyu, na ndugu yake. Nilikuwa nao."

"Sasa mtu anafyeka kaburi ya baba yake, wewe umekaa pale unakula samaki yake, halafu unaandika hakuna mtu. Wewe ulikuwa unatafuta mtu gani?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikasimama pale katikati ya kicheko hicho. Nikasema nilikosea, kwamba mahali pale pana wenyewe, na nilijua pana wenyewe wakati naandika, ila nilitaka maneno yapendeze. Nilisema kwa Kiswahili, Wani akatafsiri kwa Kibari, na ilinilazimu kuusikia uongo wangu mara mbili. Chifu alivua miwani akaamua palepale: ardhi ni ya ukoo wa Mama Keji, vigingi ving'olewe kabla ya jua kuzama. Vikang'olewa. Hakuandika kitu. Katika darasa lile lote lenye ubao na chaki, hakuna aliyeandika kitu, hata mimi, niliyekuwa na kalamu mkobani na ambaye kuandika ndiko kulikotufikisha pale. Kwa sababu hiyo kaburi la mtu lilikaa siku zote hizo likiwa limechimbwa nusu.

Nilibaki Kator miezi miwili mingine, nikimsaidia Mganda mmoja dukani kwake, mpaka mwaka wangu wa Juba ukaisha. Mama Keji hakunifukuza, wala hakunisema. Ila kuanzia Ijumaa ile, chakula changu kilikuja kwenye sahani yangu, na kijiko, kikawekwa kwenye stuli pembeni. Wao walikula kwenye sinia. Mgeni ndiye anayepewa sahani na kijiko, na kila kitu kilikuwa cha heshima, nyama nzuri zaidi kwangu, na kila siku nilikula huku nimeumia. Siku ya kuondoka alinipa njugu za kusaga kwenye chupa na kunitakia safari njema, maneno ambayo angemwambia mpangaji yeyote. Baadaye vita vilirudi, wakakimbilia Uganda, wakarudi tena. Kila Krismasi nilipiga simu. Aliniuliza kama mimi mzima na watoto wazima, kisha akampa Keji simu. Miaka yote hiyo nilitaka kumuuliza kama alinisamehe, na sikuthubutu, kwa kuogopa kwamba angenijibu kweli.

Basi Alhamisi mchana niliimaliza barua. Niliandika makaburi tisa, vigingi, darasa, maneno ya chifu. Juu nilijaza jina langu na namba ya kitambulisho, na palipotakiwa uhusiano wangu na marehemu niliandika "mpangaji wake wa zamani". Nilitaka safari hii pasiwe na neno hata moja la kupendezesha. Nikaipiga picha nikaituma. Haikupita robo saa Keji akapiga.

"Barua ni sawa kabisa, Dada. Lakini pale juu urekebishe."

"Nimekosea wapi?"

"Umejiita mpangaji. Chifu alisikiliza redio asubuhi, na tangazo letu halikusema hivyo."

Juba mtu akifa hutangazwa redioni, na tangazo hutaja watu wake wote kwa majina, kila mmoja na mahali alipo, ili anayesikia ajue ampe nani pole. Keji aliniambia tangazo hili mama yake aliliandikisha mwenyewe alipozidiwa, akamkataza kubadilisha neno. Akanisomea. Jina lake, ukoo wake, Rejaf alikozaliwa. Dada wa marehemu Wani. Mama wa Keji aliye Juba, na wa Saru aliye Voi.

Nikamwomba arudie, naye akarudia polepole.

"Kwa hivyo rekebisha," akasema. "La sivyo watasema kati yako na mama kuna mmoja anadanganya."

Nililia palepale mezani, na Keji hakukata simu. Kisha nikachukua karatasi safi, nikaandika barua yote upya, na pale juu nikaandika binti. Jumamosi asubuhi walimzika Rejaf.